SOMO KWA VIKUNDI: Tuandike Maisha ya Nyanya Angali Anaimba



Masomo yetu mengi huwa juu ya kazi za mikono: namna ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi, namna ya kuweka vitabu vya pesa, namna ya kuchimba matuta. Safari hii tunaomba mkutano mmoja tu kwa jambo lingine. Ni jambo la nyanya zetu na nyimbo zao. Msiseme mapema kwamba halina faida, kwa sababu huko mbele tutaona kwamba linagusa hata mfuko.

Kila kikundi kina nyanya wa aina hii. Wageni wakifika, yeye ndiye wa kwanza kupiga kigelegele. Akipepeta anaimba, akibeba kitukuu mgongoni anaimba, na hata kwa matanga yeye ndiye anayeanzisha wimbo wakati wengine wamekosa la kusema. Miaka yake ni mingi, lakini hakuna ajuaye ni mingapi. Halafu siku moja anatuacha. Watoto wake wanaketi usiku na kalamu kuandika historia fupi ya marehemu, nayo kweli inakuwa fupi: alizaliwa yapata mwaka fulani, akaolewa na Bwana Fulani, akajaliwa watoto tisa, wajukuu wengi na vitukuu kadhaa, akaugua, akapumzika. Basi. Nyimbo hazitajwi hata kwa mstari mmoja.

Tumeketi katika mazishi mengi tukisikiliza historia za namna hiyo. Siku moja akina mama wazee wanne walikaa chini ya mti wakaanza wimbo ambao marehemu alikuwa akiwaongoza wakati wa palizi. Ulikuwa wimbo mzuri, wa kuitikiana. Kijana aliyeshika kipaza sauti akawaomba wanyamaze, ati ratiba imechelewa. Wakanyamaza. Jioni tuliwauliza wajukuu maana ya maneno yale. Hakuna hata mmoja aliyejua, na lugha ni yao wenyewe. Wale akina mama wanne sasa wamebaki wawili.

Wanawake wawili wa Unguja

Tutumie mfano wa watu wanaojulikana, tusianze kwa kuaibishana sisi kwa sisi. Unguja walikuwako waimbaji wawili ambao sauti zao zilivuka bahari zikafika hata kwenye pwani yetu ya Kenya. Mmoja ni Siti binti Saad. Wa pili ni Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude. Wengi wetu tumemsikia huyu wa pili redioni.

Siti alizaliwa kijiji cha Fumba karibu na mwaka 1880, kwa wazazi waliokuwa watumwa. Hata jina alilopewa kwanza lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu akavitembeza kuviuza, na akitembea alikuwa akiimba ili watu wajue bidhaa imefika. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akafunzwa kuimba pamoja na wapiga ala. Siku zile taarabu ilikuwa ya Kiarabu, ya barazani kwa wakubwa. Siti akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya mchukuzi na mpishi. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi sahani za santuri.

Nyimbo zake hazikuwa za mapenzi peke yake. Ule wa Kijiti ulisimulia habari ya mwanamke mja mzito aliyeuawa, muuaji akatorokea bara, na sheria ikawaangukia wengine. Faili la korti hukaa kabatini likaliwa na mende. Wimbo ulikaa midomoni mwa watu.

Sasa, tunajuaje habari za maisha ya Siti? Kwa sababu mtu alikwenda kumwuliza. Shaaban Robert, yule mshairi wa Tanga, alikutana na Siti muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1950. Akaketi naye, akamsikiliza, akaandika. Kazi hiyo, Wasifu wa Siti binti Saad, ilichapishwa miaka kadhaa baadaye, na mwanafunzi wa leo anaweza kuisoma. Kama Shaaban angalisema, "Nitakwenda mwakani," tungebaki na santuri zilizokwaruzika na jina tu.

Bi Kidude naye alizaliwa Mfagimaringo, baba yake akiwa mwuza nazi. Alizishika nyimbo za Siti kwa masikio, bila darasa. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alilazimishwa kuolewa angali msichana, akakimbia, akavuka kwenda bara, akatembea huko kwa miguu mitupu akiimba. Aliporudi Unguja alipiga ngoma za unyago, akawafunza wasichana mambo ya unyumba, akauza hina na wanja apate riziki. Na katika umri ambao wengi wetu tunataka tu kuota jua ukutani, yeye ndipo alipoanza kupanda ndege kwenda kuimba Ulaya na Japani. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, ambayo hutolewa kwa wanamuziki kutoka pande zote za dunia. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Alikuwa na miaka mingapi? Hapo ndipo palipo na shida. Magazeti yalikubaliana kwamba alipita 100, lakini kutoka hapo kila gazeti lilikuwa na hesabu yake. Mwenyewe alikuwa akisema tu kwamba alizaliwa wakati rupia bado inatumika.

Sisi wa Kenya tukisikia hivyo tunakimbilia kujibu: rupia iliondolewa huku mwaka 1920 na shilingi ikaanza mwaka 1921, kwa hivyo mama huyu alizaliwa kabla ya hapo. Ngojeni kwanza. Zanzibar ilikuwa na pesa zake. Rupia ya huko iliendelea mpaka mwisho wa 1935, na shilingi ikaingia Januari 1936. Neno "rupia" peke yake linaacha mlango wazi kwa miaka kumi na mitano zaidi. Lakini tukiongeza ile habari nyingine, kwamba katika miaka ya 1930 alikuwa tayari amekimbia ndoa na anazunguka bara akiimba, mlango unaanza kufungika, maana mtoto wa kunyonya hakimbii ndoa. Alama moja ya miaka haitoshi. Zikiwa mbili tatu zinashikana mkono, tena lazima tujue ni alama ya mahali gani.

Hesabu hiyo hiyo kwetu nyumbani

Tuje kwenye mfuko. Tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii umelenga wazee wote wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Tunajua si kila aliyetimiza umri ameandikishwa, na malipo huchelewa. Hilo ni la kuzungumza siku nyingine. Lakini kinachotazamwa kwanza ni mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho. Na mwaka huo, kwa nyanya wengi, uliandikwa na karani aliyetazama uso akakadiria. Ndiyo maana tunakuta dada mkubwa ambaye kwa kitambulisho amezaliwa baada ya mdogo wake. Mdogo anapokea, mkubwa anaambiwa angoje akue!

Nyanya akiulizwa mwaka wake atawajibu, "Sijui, sisi hatukuandikiwa." Msimwambie ajaribu kukumbuka. Mwambieni aimbe. Wimbo ukitoka, muulizeni mliuimba wapi, na nani, nawe ulikuwa wa kimo gani. Je, alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, au msichana wa kutafutiwa mchumba, au mama mwenye mtoto mgongoni?

Kwa mfano, nyanya Mkatoliki akikumbuka kwamba alipopokea Komunyo ya kwanza walikariri nyimbo za Misa kwa Kilatini, bila kuelewa neno, basi ni kabla ya katikati ya miaka ya 1960, maana hapo ndipo parokia zilipoanza kuimba Misa kwa lugha za watu, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Akisema walicheza ngoma wakatuzwa senti zenye tundu katikati, hizo ni pesa za Afrika Mashariki zilizotumika kabla Kenya haijaanza kutoa pesa zake mwaka 1966. Nyimbo za kulia waliofungwa na waliohamishwa kwa nguvu zitawapeleka kwenye Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Yako mafuriko makubwa ya 1961. Na uko usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, ambao karibu kila mzee anaukumbuka kwa nyimbo. Akisema, "Siku ya bendera nilikuwa na mimba ya kitinda mimba wangu," na huyo kitinda mimba ana cheti cha ubatizo, mmeshafika mbali.

Jihadharini na nzige kama tulivyojihadhari na rupia. Nzige walikuja mwisho wa miaka ya 1920, wakaja tena zaidi ya mara moja, na hata hawa wajukuu wamewaona mwaka 2020. Wimbo wa nzige usiuandikie mwaka mpaka umepata kitu kingine cha kuusimamia.

Tusidanganyane lakini. Wimbo si hati. Ofisi ya uandikishaji wa watu haitabadilisha kitambulisho kwa sababu nyanya ameimba vizuri. Itataka karatasi: cheti cha ubatizo, cheti cha shule kama alisoma, barua ya chifu, na pengine kupimwa umri hospitalini. Kazi ya wimbo ni kuwaonyesha mtafute wapi. Aliyebatizwa yumo katika daftari la misheni alikobatizwa, na misheni za zamani zilitunza madaftari yao vizuri kuliko tunavyodhani. Lakini huwezi kumwomba katibu wa parokia afungue madaftari ya miaka thelathini. Ukimpelekea miaka miwili mitatu ya kutafuta, atakusaidia.

Namna ya kuketi naye

Waende watu wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika. Ikiwezekana awepo mjukuu wa kike, kwa maana kuna mambo nyanya atamwambia mjukuu wake ambayo hatamwambia mwenyekiti. Simu yenye kurekodi ikiwepo ni vizuri, lakini iwekwe mezani baada ya yeye kukubali, na asikilizishwe sauti yake mwishoni. Wengi hucheka sana wakijisikia, halafu wanaanza kusahihisha, na humo katika kusahihisha ndimo mnapata beti zilizokuwa zimesahaulika.

Mleteeni pia rika lake. Hili tunalikazia. Nyimbo zetu nyingi ni za kuitikiana. Mmoja anatoa, wengine wanapokea. Nyanya akiketi peke yake mbele ya daftari, nusu ya wimbo haipo, yuko kama mtu aliyepewa kinu bila mchi. Mkimleta rafiki yake wa ujana, hata kama macho hayaoni, mtashangaa. Tena mpeni kazi ya mikono. Nyimbo za kusaga, za kupura, za kupalilia zimefungwa katika mikono. Mama ambaye ameapa kwamba amesahau kila kitu, ukimwekea ungo wa maharagwe apepete, unasikia ananguruma taratibu, kumbe wimbo unarudi wenyewe.

Andikeni maneno kwa lugha aliyoimba, kama alivyotamka. Maana ya Kiswahili ije baadaye, kando. Na muulize alifundishwa na nani. Swali hili linaonekana dogo, lakini wake huolewa mbali na kwao, na huja na nyimbo za mama zao ndani ya vichwa. Kwa nyimbo tu mnaweza kugundua kwamba mke wa mzee fulani, aliyeishi kijijini miaka sitini, alikuwa na ndugu na ukoo mahali ambapo hakuna mjukuu aliyewahi kufika. Ziko familia ambazo zingalihitaji sana kujua hilo kabla ya kwenda kortini kwa ajili ya shamba.

Nyimbo ngumu

Si kila wimbo ni wa kila sikio. Unyago aliofundisha Bi Kidude ni mafunzo ya wanawake. Wanaume na watoto hawaingii. Kwetu pia ziko nyimbo za namna hiyo, na nyanya akisema huu hauandikwi, kalamu iwekwe chini. Ni wake.

Tena ziko nyimbo zilizoimbwa wakati wa kukeketa wasichana. Hapa vikundi vingine hubishana sana. Maoni yetu ni kwamba kuandika wimbo si kurudisha kisu. Ukeketaji umekatazwa na sheria ya mwaka 2011, na katika jambo hilo hatuyumbi. Lakini nyanya aliyepitia hayo akiwa na miaka kumi na miwili ana haki ya kusimulia alivyoimbiwa na alivyoumia. Wajukuu wakimsikia yeye wataelewa kuliko wakisikia mabango.

Halafu kuna tabia yetu ya kumsafisha marehemu mpaka anakuwa mtu mwingine. Bi Kidude alivuta sigara, akanywa pombe, na hakuficha. Watu wa Unguja walijua na bado walimpenda. Kama nyanya wenu aliwahi kumwimbia mama mkwe wimbo wa mafumbo mpaka wakakosana mwaka mzima, uandikeni. Huyo ndiye yeye. Mradi tu msiandike jambo la kumwaibisha mtu aliye hai ambaye hayupo kujitetea.

Wimbo ni mali ya nani?

Siku hizi kijana akirekodi nyanya asubuhi, saa sita mchana sauti iko kwenye simu za watu Nairobi, na pengine mwingine ameifanya tangazo. Nyanya hajui, wala hajapata hata sukari ya robo. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi, nayo inasema jamii yenye mali hiyo iombwe ruhusa kwanza. Sheria ni nzuri, lakini haitakuja kijijini kwa miguu yake. Afadhali kikundi kipitishe azimio na kuliandika katika kumbukumbu za mkutano: nani anaruhusiwa kutoa rekodi, kwa nani, na kama pesa ikipatikana nyanya na waitikiaji wake watapata fungu gani. Mambo haya yazungumzwe kabla pesa haijaonekana. Ikishaonekana, hakuna mazungumzo tena.

Kwa mkutano ujao

Tunaomba kila mwanachama aje na jina la nyanya mmoja, au babu, kwa maana wako pia wazee wa kiume waliopiga nyatiti na zeze na wandindi na sasa ala imetundikwa darini. Mjadiliane muanze na nani. Pendekezo letu ni kwamba muanze na yule asiye na mtoto, kwa sababu hao wengine angalau kuna mtu atakayeketi usiku na kalamu. Wa pili awe mgonjwa. Aliye na nguvu anaweza kungoja wiki mbili.

Kazi hii haihitaji harambee. Daftari moja la kurasa 96 linatosha nyanya watatu au wanne. Katibu alitunze, na nakala iliyoandikwa kwa mkono iwekwe nyumba nyingine, ndani ya karatasi ya nailoni, juu, mbali na mchwa na moshi wa jikoni.